Mwongozo Kamili: Kulihamishia Dodoso la Maumivu ya Mguu Katika Kihispania

Kazi hii huharibika mahali pale pale kila mara. Mwanafunzi wa fiziotherapia anayejua Kihispania barabara huchukua dodoso la Kiingereza, hulitafsiri jioni moja, humpa rafiki alipitie, kisha hulisambaza kliniki. Miezi ikipita, mhakiki wa jarida anauliza: nani alitafsiri? Walipotofautiana mlisuluhisha vipi? Mgonjwa alielewa nini kwenye swali la nane? Hakuna karatasi ya kumjibu, na kazi inarudi mwanzo.

Tatizo si lugha yake. Alidhani anahamisha maneno, kumbe kinachohamishwa ni kipimo. Alama 60 ya mgonjwa wa Guadalajara, Meksiko, inatakiwa iwe na uzito uleule wa alama 60 ya mgonjwa wa Marekani. Hatua zote zilizo hapa chini zipo kwa ajili ya hilo.

Mfano nitakaoutumia ni Foot Function Index, au FFI kwa ufupi, dodoso lililochapishwa Marekani mwaka 1991 na Elly Budiman-Mak na wenzake. Lina vipengele 23: tisa vya maumivu, tisa vya ugumu wa kufanya mambo, na vitano vya shughuli zilizopunguzwa. Alama zikiwa juu, hali ni mbaya. Humu ndani, nikisema mguu nakusudia kuanzia kifundo kwenda chini. Kihispania kinatenganisha *pie* (sehemu hiyo ya chini) na *pierna* (mguu wa juu yake), kwa hiyo mgonjwa wako hatachanganyikiwa hata kama sisi tunaweza.

## Andaa hivi kwanza

- Dodoso la asili, toleo kamili, pamoja na maelekezo ya kukokotoa alama.
- Ruhusa ya maandishi ya wenye dodoso.
- Watafsiri wawili ambao Kihispania ndiyo lugha yao ya mama, wa nchi ya wagonjwa wako.
- Watafsiri wengine wawili ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya mama na ambao hawajawahi kuliona dodoso hilo.
- Kamati: mtaalamu wa miguu au daktari wa mifupa, mtu wa lugha, mtu wa mbinu za utafiti, na watafsiri wote wanne.
- Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti.
- Wagonjwa 30 hadi 40 wa jaribio la awali, na wengine wasiopungua 100 wa kupima ubora wa dodoso.
- Jedwali moja la kumbukumbu: kila kipengele na mstari wake, kila toleo na safu yake, na safu ya mwisho ya sababu.

Jedwali hilo lifungue leo, kabla ya kutafsiri neno lolote. Likijazwa baadaye kwa kukumbuka, mhakiki hulitambua.

## Hatua ya 1: Hakikisha kazi haijafanywa, kisha amua ni Kihispania cha nani

FFI ina toleo la Kihispania lililochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Málaga. Foot Health Status Questionnaire na Manchester Foot Pain and Disability Index nazo zina matoleo yaliyopimwa Hispania. Kama wagonjwa wako wako Málaga au Sevilla, ishia hapa: waandikie waliofanya, uombe toleo lao.

Kama wako Meksiko, Ajentina au Kolombia, bado una kazi. Mwongozo unaofuatwa na wengi katika fani hii, wa Dorcas Beaton na wenzake wa mwaka 2000, unasema wazi kwamba lugha kuwa moja hakutoshi nchi zikiwa mbili. Tazama yanayotokea kwenye vipengele vya FFI vyenyewe.

Kusimama. Meksiko, *estar parado* ni kuwa umesimama wima. Hispania, maneno hayohayo humfanya msomaji afikirie kitu kilichosita kwenda, au mtu asiye na kazi. *Estar de pie* inaeleweka kote.

Kupanda ukingo wa njia ya waendao kwa miguu. Hispania ukingo ni *bordillo*. Ajentina ni *cordón*. Meksiko njia yenyewe huitwa *banqueta*, neno ambalo Hispania ni kigoda cha kukalia. Mgonjwa wa Madrid akiulizwa kama anapata tabu kupanda *banqueta*, atajibu, na jibu lake halitahusiana na barabara kabisa. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana halionekani kwenye takwimu.

Kusimama kwa ncha za vidole. *De puntillas* Hispania, *de puntitas* Meksiko, *en puntas de pie* Ajentina.

Viatu. Kaa mbali na *zapatillas*. Ni raba au ndara za nyumbani Hispania, raba Ajentina, na Meksiko ni viatu vya kike vyenye kisigino kirefu. *Calzado* au *zapatos* hukutoa kwenye mtego.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja: dodoso ni la wagonjwa wa nchi gani, wa umri gani, wenye maradhi gani. "Kwa wasemaji wa Kihispania" si jibu. Kliniki kama ya Houston, Marekani, yenye wagonjwa wa nchi tano ndiyo pekee yenye sababu ya kutafuta maneno yanayoeleweka kila mahali, na wao wanahitaji watafsiri wa kutoka nchi tofauti, si wawili wa nchi moja.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa, na uliza maswali wakati huohuo

Madodoso mengine ni bure, mengine yana leseni ya kulipia. Usibahatishe. Barua ya ruhusa iambatanishe na maswali ya maana: kipengele cha maumivu ya asubuhi kinakusudia hatua za kwanza baada ya kuamka, au asubuhi nzima? Vifaa vya kusaidia kutembea ni fimbo na magongo tu, au hata kushika ukuta?

Mtu mwenye uvimbe wa utando wa wayo husikia kisigino kikichoma hatua za kwanza, kisha nafuu inakuja. Mwenye baridi yabisi anaweza kukakamaa saa nzima. Kipengele kimoja, magonjwa mawili, majibu mawili. Jibu la mwenye dodoso liingie kwenye jedwali pamoja na tarehe.

## Hatua ya 3: Tafsiri mbili zisizojuana

Mtafsiri wa kwanza ajue dodoso linapima nini. Wa pili asijue, na asiwe mtu wa afya. Wa kwanza atalinda maana ya kitabibu. Wa pili atatoa maneno ya mtu wa kawaida, na mara nyingi yeye ndiye atakayeokoa sentensi. Wasisomeane kazi, na kila mmoja aandike pembeni maneno yaliyomsumbua na kwa nini.

Wape wote masharti haya:

Kwanza, *usted* ("wewe" ya heshima), si *tú* ("wewe" ya mazoea). Wagonjwa wa miguu wengi ni watu wazima na wazee, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini *tú* kutoka kwa kliniki ni utovu wa adabu. Njia rahisi zaidi ni kuviandika vipengele kama kitendo tupu, *caminar* (kutembea), *subir escaleras* (kupanda ngazi), ili suala lisijitokeze kabisa.

Pili, sentensi isimbague mwanamke na mwanamume. *Descalzo/a* (peku, kwa mwanamume au mwanamke) inachosha macho; *con los pies descalzos* inawahusu wote.

Tatu, muda. FFI inauliza habari za wiki iliyopita. *La semana pasada* humpeleka mgonjwa kwenye wiki ya kalenda, Jumatatu hadi Jumapili, hata kama leo ni Ijumaa. *En los últimos 7 días* haina utata.

Nne, lugha iwe ya mtoto wa miaka 12 kuielewa. Kuna kigezo cha Kihispania cha urahisi wa kusoma kiitwacho INFLESZ. Maandishi yakipata zaidi ya 55 yako sawa kwa msomaji wa kawaida. Kwa dodoso la wazee napendelea 65 kwenda juu.

Onyo: programu ya kutafsiri isihesabiwe kuwa mtafsiri wa pili. Haina nchi, na haiwezi kuitwa kwenye kamati kujieleza.

## Hatua ya 4: Unganisha kuwa moja

Watafsiri wawili wakae pamoja na mtu wa tatu anayeandika. Wanapita kipengele kwa kipengele hadi lipatikane toleo moja. Uamuzi usiwe wa kura wala wa cheo. Uwe wa sababu, na sababu iandikwe.

Dalili kwamba kikao kimekwenda vizuri ni safu ya sababu kujaa. Vipengele vyote 23 vikipita bila ubishi wowote, shaka yangu ya kwanza ni kwamba walikuwa wameshaonyeshana kazi.

## Hatua ya 5: Rudisha Kiingereza

Sasa toleo hilo moja linapewa wale wawili wa Kiingereza, kila mtu peke yake, bila kuona la asili. Wasiwe wataalamu wa afya, kwa sababu mtaalamu huziba mapengo kwa elimu yake na kukuficha makosa.

Watu hudhani tafsiri hii ikifanana na la asili neno kwa neno basi mambo ni shwari. Sivyo. Tafsiri mbovu ya moja kwa moja hurudi ikiwa safi kabisa. *Banqueta* ingerudi vizuri mikononi mwa mtafsiri aliyeishi Meksiko, na mgonjwa wa Madrid bado angefikiria kigoda. Hatua hii hunasa makosa makubwa: ukanushaji uliogeuka, "ndani" iliyokuwa "nje", kipengele kilichorukwa. Makosa madogo yatanaswa na wagonjwa.

## Hatua ya 6: Kikao cha kamati

Hiki ndicho kikao cha kukipa siku nzima. Mezani pawe na la asili, tafsiri mbili, toleo lililounganishwa, tafsiri mbili za kurudi, na jedwali. Kwa kila kipengele kamati inajiuliza mambo manne: maana ni ileile? Msemo unasemeka? Jambo hili wagonjwa wetu hulifanya kweli? Na dhana yenyewe inabeba kitu kilekile?

Swali la tatu ndilo lenye kazi. Chukua kipengele cha kutembea mitaa minne, yaani kutoka kona hadi kona mara nne. Buenos Aires *cuadra* ni kama mita 100 na kila mtu hupima njia kwa hizo. Barcelona, katika mtaa wa Eixample, kila upande wa *manzana*, yaani kitalu cha nyumba kilichozungukwa na barabara, ni mita 113. Lakini kijiji cha milimani Andalucía hakina kona za kuhesabu; njia zinapinda zinavyotaka. Kamati inaweza kubakiza *cuadras* kwa Meksiko na Ajentina, au kuweka mita kwa sehemu nyingine. Vyote viwili vinakubalika mradi ichaguliwe njia moja, sababu iandikwe, na mwenye dodoso aarifiwe.

Swali la nne husahaulika, na kwa Meksiko ni la hatari, kwa sababu kisukari ni kingi. FFI ilitengenezwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, watu ambao mguu unauma kweli. Mgonjwa wa kisukari ambaye neva zake zimeharibika anaweza kukuambia *se me duermen los pies*, miguu inakufa ganzi, au *ardor*, inawaka, na asiite hayo *dolor*, maumivu. Atajaza sifuri ilhali ana kidonda wayoni. Kamati iamue mapema: ama wagonjwa hao hawaingii, ama maelekezo ya juu yanasema kuwaka na kuchomachoma kuhesabiwe kuwa maumivu. Uamuzi wa pili unabadilisha kipimo, kwa hiyo unahitaji idhini ya mwenye dodoso. Kwangu mimi, wasiingie. Wana madodoso yao.

Kikao kikiisha unapaswa kuwa na toleo la kujaribiwa, na jedwali lisilo na mstari mtupu.

## Hatua ya 7: Chapisha, kisha wasikilize wagonjwa 30 hadi 40

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, chukua rula. Dodoso la asili lilitumia mstari ambao mgonjwa huweka alama. Ukiamua kuutumia na urefu wake ni sentimita 10, pima uliochapishwa. Mashine ya kunakili hupunguza ukubwa kimyakimya, na sentimita 10 huwa 9.6. Matoleo mengi ya baadaye hutumia namba 0 hadi 10, na kwa wazee ndizo ninazozipendekeza.

Wachanganye wagonjwa: wanaume na wanawake, waliosoma na walioishia shule ya msingi, vijana na wazee. Kila mmoja ajaze mwenyewe, kisha kaa naye.

Usimwulize "Umeelewa?" Atasema *sí, doctor*, kwa heshima. Muulize hivi:

- "Nieleze kwa maneno yako swali hili linauliza nini."
- "Ulipojibu 7, ulikuwa unafikiria siku gani?"
- "Ni neno gani ungelibadilisha kama ungemwuliza jirani yako?"

Andika majibu yake kama alivyoyasema. Wagonjwa kadhaa wakijikwaa kwenye neno moja, rudi kwa kamati, badilisha, na ulijaribu neno jipya kwa wengine. Mtegemee sana mgonjwa anayesitasita. Kalamu ikisimama juu ya kipengele kwa muda, hapo pana kitu.

Jicho liwe pia kwenye vipengele vya soli za kuwekwa ndani ya viatu, *plantillas*. Wengi hawana. Pawepo kisanduku cha *no aplica* (hainihusu), na mgonjwa aelezwe kwamba kukitia alama si sawa na kuandika sifuri. Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Tuseme sehemu ya maumivu ina vipengele tisa vya alama 0 hadi 10, na mgonjwa hana soli, kwa hiyo viwili havimhusu. Amepata jumla ya 42 kwenye saba vilivyobaki. Gawanya kwa 70, zidisha kwa 100: alama yake ni 60. Ukigawanya kwa 90, anapata 47 na anaonekana ana nafuu asiyokuwa nayo.

## Hatua ya 8: Pima kipimo

Dodoso linaeleweka. Kama linapima sawasawa bado hatujui.

Andika matarajio kabla ya kukusanya. Utalinganisha FFI na dodoso jingine, kwa kawaida SF-36 ya hali ya jumla ya afya. Kumbuka pande zao: FFI ikipanda hali ni mbaya, SF-36 ikipanda hali ni nzuri, kwa hiyo uhusiano unaotarajiwa ni hasi. Nimesoma rasimu iliyotangaza dodoso "limeshindwa" kwa sababu tu mwandishi alisahau hili.

Mshikamano wa vipengele. Alfa ya Cronbach kati ya 0.70 na 0.95 kwa kila sehemu. Ikivuka 0.95 usishangilie, huenda vipengele vinarudia jambo moja.

Alama za mwisho. Zaidi ya asilimia 15 ya wagonjwa wakipata alama ya chini kabisa, au ya juu kabisa, dodoso haliwezi kuwatofautisha watu hao.

Kurudia. Wagonjwa wasiopungua 50 wajaze tena baada ya wiki moja hadi mbili. Mapema zaidi watakumbuka majibu yao; mbali zaidi mguu utakuwa umebadilika. Siku wanapojaza tena waulize kama hali ni ileile, na waliodungwa sindano ya kisigino katikati waondoe kwenye hesabu hii. Ulinganifu wa majibu, ICC, usipungue 0.70.

Kosa la kipimo. Hili wengi hawalifanyi, na ndilo daktari analolihitaji. Tuseme mtawanyiko wa alama (SD) ni 20 na ICC ni 0.91. Toa 0.91 katika 1, inabaki 0.09, kipeuo chake cha pili ni 0.3, zidisha kwa 20, unapata 6. Zidisha 6 kwa 1.96, kisha kwa kipeuo cha pili cha 2: inakuja kama 16.6. Maana yake, badiliko lisilofika 16.6 halitoshi: mgonjwa aliyeshuka kutoka 50 hadi 40 huwezi kusema kwa uhakika kwamba amepata nafuu. Huenda ni kuyumba kwa kipimo tu.

Onyo la kompyuta: Hispania, Ajentina na Kolombia huandika desimali kwa mkato, 7,5, Meksiko kwa nukta, 7.5. Faili likihama kutoka kliniki moja kwenda nyingine, 7,5 inaweza kusomwa kuwa 75 au kuwa maandishi matupu. Angalia alama ya juu kabisa ya kila safu kabla ya hesabu yoyote.

## Hatua ya 9: Funga toleo

Mpelekee mwenye dodoso kila kitu: tafsiri zote, jedwali, kumbukumbu za kamati, majibu ya wagonjwa. Akiridhia, lipe toleo lako jina lenye nchi, mwaka na namba, na uliandike chini ya kila ukurasa, kwa mfano *FFI, español (México), versión 1.0*. Lihifadhi katika muundo usioharirika, pamoja na ukurasa wa kukokotoa alama.

Baada ya hapo asiwepo wa kurekebisha neno, hata muuguzi mwenye nia njema anayeona *andadera*, fremu ya kutembelea, ingependeza zaidi ikiwa *andador*. Neno likilazimika kubadilika, namba inakuwa 1.1 na kipengele hicho kinarudi hatua ya 7.